Acheni Kufomati, Someni Logi

Nasema wazi, na mafundi wa kompyuta wa Wajir wanisikie: kufomati kompyuta ya kijana kwa sababu modi, yaani nyongeza ya gemu iliyoundwa na wachezaji, imekataa kufunguka ni dhuluma. Ni kumfutia mtu mali yake, kufuta ushahidi wa kilichoharibika, kisha kumtoza ada kwa hasara uliyomtia. Mazoea haya yamekita mizizi hata hakuna anayeshtuka tena. Kijana anafika kibandani na laptopu ya mtumba, anaeleza kwamba ameongeza basi jipya katika gemu yake na basi halionekani, au gemu inafunguka, inaganda, inajifunga. Haulizwi ni gemu gani, toleo gani, modi kaipata wapi, kaiweka folda ipi. Flashi inachomekwa, diski inafutwa, Windows inawekwa upya, pesa zinalipwa. Anarudi nyumbani na mashine tupu. Gemu imekwenda, insha za shule zimekwenda, picha za arusi ya dada yake zimekwenda. Jioni anaitafuta modi ileile, anaiweka katika folda ileile, nayo inakataa kama ilivyokataa asubuhi.

Inakataa kwa sababu tatizo halikuwa Windows. Na tatizo lenyewe lilikuwa limeandikwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, katika faili ambalo fundi alilifuta bila kulisoma.

Gemu nyingi zinazokubali modi huandika logi, yaani kumbukumbu ya kila hatua: faili lipi lilifunguliwa, lipi halikupatikana, kipi kilihitajika na hakikuwepo. Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori iliyotolewa na SCS Software ya Prague mwaka 2012, na ambayo vijana wa Kenya wameifanya yao kwa kuitengenezea mabasi yenye rangi na majina ya kwetu, huandika faili liitwalo game.log.txt ndani ya folda yake iliyoko Documents. Mstari wenye kosa hubeba neno ERROR kwa herufi kubwa. Minecraft huandika latest.log katika folda ya logs, na ikianguka huacha ripoti katika folda ya crash-reports. Stardew Valley ikiendeshwa kwa SMAPI, programu ya kufungulia modi zake, huorodhesha kwa maandishi mekundu modi zilizoachwa, kila moja na sababu yake. Mafaili hayo yote hufunguka kwa Notepad. Hakuna programu ya kununua, hakuna bando la kuchoma, hakuna shahada ya kuonyesha mlangoni. Anatakiwa mtu aliye tayari kusoma.

Mkazi wa Nairobi mwenye intaneti ya waya nyumbani akifutiwa diski, hulala, na alfajiri gemu imeshashuka yote. Sisi hatuishi hivyo. Mji wa Wajir umetegemea kwa miaka mingi umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Minara ya simu katika kaunti hii na jirani zake Garissa na Mandera imelipuliwa na al-Shabaab zaidi ya mara moja, na mnara ukianguka vijiji vizima hukatika na dunia. Starlink, iliyoanza kuuzwa rasmi Kenya Julai 2023, imewafaa wenye uwezo wa kununua chombo na kulipia kila mwezi. Wengine wote, Eldas, Tarbaj, Bute, bado wanahesabu megabaiti. Kwa hiyo gemu ya gigabaiti 40 kwetu haishuki kutoka intaneti. Inasafiri. Inanakiliwa Eastleigh, Nairobi, kwenye diski ya binamu, inapanda basi, inapita Garissa, Modogashe na Habaswein, na inafika siku ambayo hakuna aliyekuwa na hakika nayo. Fundi anayeufuta mzigo huo kwa dakika chache kwa kuwa hakutaka kusoma mistari kumi ya maandishi, ama hajui gharama yake, ama anaijua na haimgusi. Yote mawili hayafai kwa mtu anayejiita fundi.

Sasa tuyataje makosa yenyewe moja baada ya jingine, ili asitokee mtu wa kudai kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa ng'ambo.

Kosa linaloongoza ni folda. Modi hufika ikiwa imefungwa katika kifurushi cha zip au rar. Ukikifungua, hupata folda, ndani yake folda nyingine ya jina hilohilo, na ndani ya hiyo ndipo mafaili ya modi yalipo. Kijana ananakili folda ya nje. Euro Truck Simulator 2 inataka faili la .scs likae moja kwa moja ndani ya folda ya mod. Likikaa ndani zaidi, gemu hailioni, na haitoi hata kilio. Windows nayo huongeza mtego wake: kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo unachodhani ni modi kinaweza kuwa bado ni kifurushi kisichofunguliwa. Na kompyuta iliyounganishwa na OneDrive huweza kuihamisha folda ya Documents, ukajikuta na Documents mbili: moja unayoiwekea modi, nyingine ambayo gemu inaisoma. Kosa hili hurekebishwa kwa kusogeza faili. Kufomati hakuligusi kabisa.

La pili ni toleo. Modi huundwa kwa toleo fulani la gemu, na mara nyingi hukataa toleo jingine. Chukua gemu ya San Andreas, ambayo bado inachezwa kwenye mashine dhaifu kote nchini. Ilifika kwenye kompyuta mwaka 2005, na mwaka huohuo kukazuka kashfa ya modi iliyofungua sehemu chafu iliyokuwa imefichwa ndani ya gemu. Rockstar, wenye gemu hiyo, wakatoa toleo jipya lililofungia nje modi nyingi. Modi kemkem za San Andreas ziliandikwa kwa toleo la 1.0, zikilenga mahali maalumu katika programu ya gemu. Katika toleo jingine mahali hapo pana kitu kingine, na gemu huanguka. Kijana mwenye toleo la baadaye anaweza kufuata kila agizo kwa uaminifu na bado akakataliwa. Minecraft nayo ina masharti yake: toleo la 1.18 linadai Java 17, la 1.20.5 linadai Java 21, na kati ya programu mbili za kuendeshea modi zake, modi iliyoundwa kwa Forge haifunguki kwa Fabric hata uikalie mkesha. Logi husema hivyo waziwazi, na hata hutaja namba ya toleo linalotakiwa.

Watu wanaofikiri kwamba haya huwapata wanaobahatisha tu wakumbuke yaliyotokea miaka ya karibuni. Novemba 2021 gemu ya Skyrim ilipata sasisho kubwa, na kwa usiku mmoja modi nyingi zilizotegemea programu ya SKSE zikafa duniani kote. Aprili 2024 gemu ya Fallout 4 ikasasishwa vivyo hivyo. Kundi la waundaji wa kujitolea lililokuwa limejenga modi kubwa ya Fallout: London kwa miaka mingi lilikuwa limejiandaa kuitoa mwezi huohuo, likalazimika kuahirisha, na modi ikatoka Julai. Ikiwa waundaji waliobobea walisimamishwa na sasisho moja, kwa nini kijana wa Wajir aambiwe kompyuta yake ni mbovu?

La tatu ni utegemezi. Modi moja huitaka nyingine iwepo kwanza. Nyingi za Fabric huitaka Fabric API. ProMods, ramani maarufu ya Euro Truck Simulator 2, huja kwa mafaili kadhaa ambayo lazima yawepo yote, na tena hudai nyongeza rasmi za ramani zinazouzwa na SCS. Ukikosa kimoja, safari imeisha kabla ya kuanza. Gemu za zamani hulalamika kwamba d3dx9_43.dll haipo, na hapo ndipo ujanja wa hatari huanza. Fundi hupekua mtandaoni, huchukua faili hilo pekee kutoka mahali asipopajua, hulitupia ndani ya Windows. Faili hilo ni sehemu ya DirectX, na Microsoft walitoa kifurushi chake kamili Juni 2010. Ni cha bure na ni kidogo. Fundi mwenye heshima na kazi yake angekuwa nacho kwenye flashi siku zote.

La nne ni mpangilio. Modi mbili zinapogusa kitu kimoja, gemu lazima iamue ipi ishinde. Katika Euro Truck Simulator 2, iliyo juu ya orodha hushinda iliyo chini. Katika Skyrim ni kinyume: inayofunguliwa mwisho ndiyo inayobaki na neno la mwisho, na modi inayotegemea nyingine ambayo haikufunguliwa huiangusha gemu kabla hata menyu haijatokea. Mtu asiyejua tofauti hiyo atapanga modi zake kwa bidii zote na kupata skrini nyeusi. Dawa yake ni kupanga upya orodha, kazi ya dakika mbili.

La tano linatuhusu sisi kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa mafaili yetu husafiri kwa mkono: kuharibika njiani. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kwa hiyo watu hukata kifurushi vipande, na kipande kimoja husahaulika Eastleigh. Kuna pia flashi bandia zinazojitangaza kuwa za gigabaiti 64 na ndani yake ni 8. Zinapokea kila kitu kwa unyenyekevu, kisha unachokuta ni takataka. Windows ina amri ya kupima uzima wa faili bila intaneti: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Mwambie aliyekunakilia apime lake huko aliko na akutumie mfuatano wake kwa ujumbe mfupi. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika, na hakuna kufomati kutakakoliponya.

La sita ni ulinzi wa kompyuta yenyewe. Antivairasi huweza kuondoa faili la modi kimyakimya, na Windows huzuia kuandika ndani ya Program Files bila idhini. Hapa ndipo ninapowakemea zaidi wanaosema "zima antivairasi, utaona itafunguka". Juni 2023 iligunduliwa kwamba modi kadhaa za Minecraft, zilizokuwa katika ghala linaloaminiwa na mamilioni, zilikuwa zimepandikizwa programu ya kuiba nywila na pesa za kidijitali. Katika mji ambao simu na kompyuta ni hazina, duka na benki kwa wakati mmoja, kumfundisha mtoto kuzima ulinzi wote kwa ajili ya basi la gemu ni kumfungulia mwizi mlango. Angalia orodha ya vilivyozuiwa, tambua faili ni lipi, limetoka kwa nani, kisha uamue juu ya faili hilo moja. Kama asili yake haijulikani, liache lipotee.

Makosa sita, na hakuna hata moja ambalo dawa yake ni kufuta diski. Wanawajir tunalijua jambo hili katika mambo mengine. Pampu ya kisima cha kijiji ikisimama wakati wa kiangazi, hakuna mzee anayeamuru kisima kifukiwe na kingine kichimbwe. Anaitwa mtu wa kuangalia mafuta, mkanda, waya, bomba, kimoja baada ya kingine, mpaka kilichokatika kipatikane, na fundi atakayepita hatua hizo hataitwa tena. Akili hiyo tunayo. Kwa nini tuiache nje ya mlango tunapoingia katika kibanda cha kompyuta?

Na pale logi inaponyamaza, bado kuna njia. Tuseme una modi 32 na gemu haifunguki, na mkosaji ni mmoja. Zima 16. Ikifunguka, mkosaji yumo katika zile ulizozima. Isipofunguka, yumo katika zilizobaki. Gawanya tena: 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Kwa majaribio matano umemkamata. Wanaoandika programu kwa mshahara hutumia njia hiyohiyo kuwinda makosa yao. Kijana wa gredi ya nane anaweza kuifanya usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, na kufikia daku atakuwa amejifunza kitu ambacho vitabu vyake vya shule havijamwonyesha: kwamba tatizo kubwa hukatwa nusu, na nusu hukatwa nusu, mpaka libaki dogo la kushikika mkononi.

Mafundi watanijibu, na nawaheshimu vya kutosha kuwasikiliza. Watasema mteja ana haraka, kodi ya kibanda inangoja, na hakuna anayelipia kusoma. Watu hulipia kuona Windows mpya ikiwaka. Basi toza kusoma! Andika ukutani bei ya uchunguzi kando ya bei ya kufomati. Mwambie mteja: nitakutafutia kosa, nikilipata utalipa kiasi hiki, na vitu vyako vitabaki salama. Mama aliyewahi kupoteza picha za marehemu babake kwa fundi wa haraka atakulipa kwa shukrani. Na ikiwa kweli diski imeoza na lazima ifutwe, nakili kwanza vitu vya mteja, mwonyeshe kwamba vipo, ndipo ufute. Kufuta bila kunakili ni khiana, hata kama mteja hakujua kuuliza.

Wazazi nao watasema gemu ni upotevu wa muda. Wasiwasi wao ni wa haki. Kijana anayeipita sala na masomo kwa ajili ya gemu anastahili kukemewa. Lakini wazazi wenzangu, tofautisheni anayecheza na anayetengeneza. Mtoto aliyeinama juu ya logi akitafuta kwa nini basi lake limekataa hachezi tena. Anasoma Kiingereza kigumu kwa hiari yake, anapanga ushahidi, anajaribu dhana, anaitupa, anajaribu nyingine. Tena baadhi ya gemu kubwa zilizaliwa kwa kazi hiyohiyo. Counter-Strike ilianza kama modi ya gemu ya Half-Life mwaka 1999, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe; kampuni ya Valve ikawachukua na kuiuza dunia nzima. Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III mwaka 2003. DayZ ilikuwa modi ya Arma 2. Brendan Greene alianza kwa kubadilisha modi za wengine kabla ya kuongoza utengenezaji wa PUBG, ambayo vijana wetu wanaicheza kwenye simu hadi leo bila kujua ilikotoka. Simwahidi mtoto yeyote utajiri. Nasema njia hii wamepita watu waliokuwa na kompyuta na ukaidi, na ukaidi sisi tunao wa kugawia kaunti nyingine.

Serikali haitaponyoka katika makala hii. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Mwaka 2016 ahadi ikageuka kuwa tableti, na zaidi ya milioni moja ziligawiwa nchini. Mwaka 2022 Kenya ikaidhinisha mtaala wa kufundisha kuandika programu na kujisifu kuitangulia Afrika. Mwaka huohuo tukaahidiwa kilomita 100,000 za nyaya za intaneti, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Wajir ina wadi 30. Hesabu ni rahisi: vituo 30. Na barabara ya Isiolo hadi Mandera inayopita kwetu inajengwa kwa mpango unaojumuisha kulaza nyaya za intaneti kandokando yake. Vyema. Lakini vifaa vikifika bila mtu wa kufundisha namna ya kuuliza kwa nini kifaa kimekataa, tutakuwa tumejenga vibanda vipya 30 vya kufomati.

Hatukuchelewa kwa uvivu. Waraka wa Serikali namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwa maeneo yaliyodhaniwa kuleta faida ya haraka, na kaskazini ikaachwa nje ya hesabu. Sheria za hali ya hatari zilitubana hadi mwaka 1991. Mtoto wa Wajir anaanza nyuma kwa sababu kuna waliomweka nyuma. Ndiyo maana sivumilii mtu wa hapahapa nyumbani anapomwongezea mzigo kwa kumfutia kidogo alichojipatia.

Kampuni za gemu pia zina deni kwetu. Zinatengeneza sasisho zikidhani kila mchezaji ana intaneti isiyokatika na mashine mpya. Januari mosi 2024 Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliacha kuihudumia Windows 7, mfumo ambao bado unaendesha mashine za mitumba zilizoingia nchini kutoka ofisi za Ulaya. Sasisho la lazima huua modi za mwaka mzima, na mchezaji wa Habaswein hawezi kupakua upya kila kitu. Inawezekana kutenda haki: SCS huwaruhusu wanunuzi wa Euro Truck Simulator 2 kuchagua matoleo ya zamani ndani ya Steam, hivyo mwenye modi za zamani habanduliwi na sasisho jipya. Kilichowezekana Prague kinawezekana kwa kampuni kubwa zaidi zenye mabilioni.

Nasi wachezaji tuambiane ukweli. Gemu nyingi zinazosafiri kwenye flashi zetu ni za wizi. Mtu aliyeivunja gemu hubadilisha programu yake kuu na kuacha nyongeza nje ili ipungue uzito, na modi iliyotengenezwa kwa nakala halali inaikuta nyumba tofauti na ile iliyoelezwa. Mwundaji wa modi, ambaye hutoa kazi yake bure, hana namna ya kukusaidia hapo, na hana wajibu. Subiri msimu wa bei kushuka, changeni, nunua gemu moja halali badala ya kumi zilizovunjwa. Utakuwa na haki ya kudai toleo unalolitaka, na modi zako zitafunguka kwa kuwa msingi wake ni mzima. Tena modi hizo zibaki katika mchezo wa peke yako. Ukiingia nazo katika mashindano ya mtandaoni unadanganya wenzako, na akaunti itafungiwa kwa haki.

Basi madai yangu ni haya. Fundi, kabla hujagusa kitu, uliza maswali manne: gemu gani, toleo gani, modi kutoka wapi, imewekwa wapi. Fungua logi mbele ya mteja na umsomee mstari wenye kosa. Usifute diski ya mtu bila kunakili vitu vyake na bila idhini yake ya wazi.

Mwalimu wa kompyuta, ondoa somo moja la kukariri sehemu za kibodi na badala yake waletee wanafunzi gemu iliyoharibika na logi yake, uwaache waitafute sababu. Wataipata, nawe utastaajabu ni nani darasani aliyeipata kwanza.

Serikali ya Kaunti na wizara zinazohusika, kila kituo cha kidijitali cha wadi kiwe na meza ya uchunguzi, mkufunzi anayelipwa, na diski yenye vifurushi muhimu ambavyo kila kijana atanakili bila kuchoma bando: DirectX, Java za matoleo yote yanayotakiwa, Visual C++, 7-Zip, programu halali za bure za kuendeshea modi. Ni vitu vinavyoingia kwenye diski moja. Diski hiyo ifike Buna na Griftu kabla ya utepe wowote kukatwa mjini.

Na wewe kijana, weka nakala ya gemu yako safi kabla ya kuigusa. Ongeza modi moja, jaribu, ndipo uongeze ya pili. Andika daftarini jina la modi, toleo lake na siku uliyoiweka. Likitokea kosa, soma logi kuanzia mstari wa kwanza wenye ERROR, maana yanayofuata mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza. Ukishindwa, nenda kwa fundi ukiwa na mstari huo mkononi na umwambie kwa heshima, kama unavyomwita ami yako kwa Kisomali: "Adeer, usifute chochote, nisaidie kuelewa hili." Akikubali, mlipe vizuri na umletee wateja wengine. Akichomeka flashi ya kufomati kabla hajausoma mstari huo, chukua kompyuta yako na utoke. Vibanda vyenye mazoea hayo vikose wateja hadi vijifunze kusoma.